Mama Kigingi na matundu yaliyopishana kwa makusudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa jirani, Mama Kigingi amepiga goti juu ya boriti uani kwake, shavu limekaribia kugusa mti, jicho moja limefumbwa. Anachungulia tundu lenye upana wa penseli nene ambalo siku mbili zilizopita alilizibia kipande cha mti na gundi. Analigusa kwa kidole cha shahada, kisha anakinusa kidole.

"Imekauka," anasema. "Hili la kumi na saba. Bado moja."

Anachukua kekee yake ya mkono, ile ya kuzungusha, anaikandamiza kwa kifua na kuanza kutoboa upya. Maranda membamba yanapanda na kumwangukia mapajani. Tundu jipya halikai katikati ya lile la zamani. Limesogea pembeni kidogo, kiasi cha unene wa sarafu.

Mwandishi anamwuliza mbona halikai katikati. Mama Kigingi anaacha kuzungusha, anainua uso na kumtazama mgeni wake kuanzia viatu hadi kichwa.

"Na wewe umetumwa na ofisi?"

Ana haki ya kuuliza. Swali hilohilo, likiulizwa na mtu mwenye muhuri, ndilo lililomwekea alama nyekundu ya X kwenye nguzo ya mlango wa nyumba yake. Swali hilohilo, likiulizwa na mume wake mwenyewe, ndilo lililomharibia matundu kumi na manane. Na ndilo lililomfanya mwanamke wa miaka hamsini na tisa, fundi ambaye hajawahi kurudia kazi, arudie kazi yake mwenyewe akiwa amepiga magoti.

Wenyewe husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza kwao, uani kwake, kwa mikono yake, akatunzwa rangi nyekundu.

Nyumba anayoijenga ni ya vyumba viwili na baraza. Ya zamani, aliyoachiwa na mjomba wake, imebakiza chumba kimoja kinachofaa kulala watu. Humo ndimo anamoishi na mumewe, na mvua ikinyesha kitanda huhamishwa mara tatu. Wanajua kila mahali paa linapovuja, na kila mahali pana sufuria yake.

Kiunzi cha nyumba mpya, yaani mifupa yake ya nguzo na boriti, hakina msumari hata mmoja. Ncha ya mti mmoja imechongwa ulimi. Ubavuni mwa mti mwingine limechimbwa shimo. Ulimi unaingia shimoni, kisha vigingi viwili vya mti vinapigwa kupita kati yao kuvifunga. Viko viungo kumi na sita vya namna hiyo, kwa hiyo matundu ya vigingi ni thelathini na mawili, na yote aliyatoboa kwa mkono.

Sasa ndipo penye siri, na Mama Kigingi haifichi. Tundu la kwenye ulimi halilingani na tundu la kwenye nguzo. Limesogezwa ndani, kwa makusudi, kiasi kile cha sarafu. Kigingi chenye ncha iliyochongoka kinapopigwa kwa nyundo ya mti kinalazimika kujipinda kupita, na katika kujipinda huko kinauvuta ulimi hadi mti unakaza juu ya mti.

"Matundu yakilingana, kigingi kinapita tu kama mgeni," anasema. "Hakivuti kitu. Mwaka wa kwanza nyumba imesimama, mwaka wa pili inaanza kulia, mwaka wa tatu unaishi ndani ya kitanda kibovu. Mjomba aliniambia, tundu liwe na ubishi kidogo. Pasipo ubishi hapana kushikana."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika ghafla. "Nilidhani kwa maneno hayo alikuwa ananifundisha ndoa pia."

Mjomba huyo, seremala wa milango na paa, hakuwa na mtoto aliyependa mbao. Alikuwa na mpwa wa kike aliyekuwa akiokota vipande vya mbao chini ya meza yake na kukataa kuitwa ndani kuosha vyombo. Alimpa patasi akiwa na miaka kumi na mmoja. Akiwa na kumi na tisa alikuwa anachonga kiungo ambacho mjomba hukipitisha ukucha kutafuta mwanya asiupate.

Akiwa na miaka thelathini akaenda kuomba kazi kwenye karakana kubwa ya samani. Alikaa huko miaka ishirini na saba. Na hapa ndipo mwandishi anapoomba msomaji akae vizuri, maana hasira zinaanzia hapa.

Kwa miaka yote hiyo ishirini na saba, kwenye daftari la wafanyakazi aliandikwa mpiga msasa. Alichonga meza, alichonga vitanda, alichonga milango miwili mikubwa ambayo watu huipiga picha mpaka leo. Mshahara wake haukuwahi kuvuka theluthi mbili ya mshahara wa fundi. Wageni wenye oda nono wakija karakanani, msimamizi alimwendea mbio na kumnong'oneza: mama, weka patasi chini kwanza, shika msasa.

"Nilishika," anasema. "Nilikuwa na watoto watatu shuleni, ningefanya nini? Nilishika msasa, wageni wakapita wakasema, oh, hata akina mama mmewaajiri. Tajiri akatabasamu. Mlango waliokuwa wanausifia ni mimi niliyeuchonga."

Je, aliwahi kulalamika? Mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri bajeti. Mara ya pili aliambiwa ufundi ni cheti, na yeye cheti hana. Alipoomba apelekwe akafanye jaribio la cheti, akajibiwa kwamba karakana hupeleka mafundi, haipeleki wapiga msasa. Uone mzunguko huo! Mtu anafungiwa nje ya mlango, kisha anaulizwa kwa nini yuko nje.

Miaka miwili iliyopita karakana iliacha mbao ngumu, ikageukia mbao za kubandika ambazo zikipata maji zinavimba. Ghala la zamani likabomolewa, na boriti zake zikarundikwa zisubiri wauza kuni. Wafanyakazi waliokuwa wanapunguzwa walipewa zawadi ya kuagwa, saa ya ukutani kila mmoja. Mama Kigingi alisema saa anayo, apewe kuni.

Wakacheka, wakampa. Zilikuwa boriti za mti mgumu uliokauka miaka sitini, mti ambao ukiugonga unalia. Alizileta nyumbani kwa mikokoteni, safari saba, huku majirani wakimwuliza anafungua tanuri la mikate au vipi.

Jina la Mama Kigingi lilitokana na mwaka huo. Kila jioni alikaa mlangoni akichonga vigingi na kuvipigilia kupitia bati nene la chuma lenye tundu moja kali katikati. Kipande cha mti kinaingia na pembe zake, kinatoka upande wa pili kikiwa duara. Bati hilo amekuwa nalo miaka thelathini na mmoja. Alitengenezewa na kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya karakana ya mjomba wake, ambaye alikataa kulipwa na badala yake akauliza kama dada huyo ana mchumba.

Kijana huyo sasa ni babu wa wajukuu wanne na mtaani wanamwita Cheche. Ndiye mume. Ndiye pia aliyetoboa.

Lakini tuanze na yule wa kwanza. Wiki tano zilizopita, kiunzi kilipokuwa kimesimamishwa kwa majaribio na kufungwa kwa kamba, afisa wa ukaguzi wa majengo alifika na ubao wake wa kuandikia. Ni kijana mpole, amepiga pasi shati lake, na hakuna aliyesema aliomba chochote. Fomu yake ilikuwa na vijisanduku vitatu chini ya neno "viungo": misumari, bolti, bati za pembe. Alizunguka nguzo zote akitafuta cha kutia alama, asipate.

Halafu akachomoa penseli na kuiingiza kwenye tundu la kigingi. Penseli ikaingia nusu, ikagota. Akajaribu la pili, ikagota. La tatu, vilevile.

"Alitikisa kichwa kama daktari," anakumbuka Mama Kigingi. "Nikamwambia, mwanangu, ngoja nikuonyeshe. Akasema, mama, usijisumbue, mimi ninaona."

Aliona nini? Aliandika, na karatasi ipo, mwandishi ameisoma: Matundu hayalingani. Kazi ya kubahatisha. Irekebishwe na kufungwa bolti ndani ya siku arobaini, vinginevyo ibomolewe. Akagonga muhuri. Msaidizi wake akapaka X kwenye nguzo ya mlango.

Wahenga walimaliza: asiyejua maana haambiwi maana. Ila wahenga hawakusema tufanye nini pale asiyejua maana anapokabidhiwa muhuri.

Siku ya tatu baada ya hapo, simu ikaja kwamba binti yao mkubwa amejifungua. Mama Kigingi akafunga mzigo kwenda kumsaidia mzazi na kumwogesha mjukuu. Alikaa siku mbili tu. Siku hizo mbili zilitosha.

Cheche anasimulia mwenyewe, ameketi kwenye ngazi ya chumba chao, macho yako kwenye vidole vyake. "Mimi nimekaa na chuma miaka arobaini. Kwenye chuma, tundu na tundu yasipokutana, umekosea. Hakuna mjadala. Unarudia. Nikaisoma ile karatasi usiku mzima. Nikajisemea, mke wangu amechoka, macho yanapungua, amekosea na hataki kukiri. Acha nimsitiri."

Akaazima drili ya umeme. Akaanza na nguzo ya kwanza. Aliingiza ncha kwenye tundu la nguzo na kuisukuma moja kwa moja kupita ulimi, kunyoosha palipopinda. Alifanya kwa uangalifu, na kwa mapenzi, na alipomaliza kila moja alipuliza vumbi na kuchungulia mwanga upande wa pili. Matundu kumi na manane yakanyooka kama mtutu. La kumi na tisa, mti ukakataa. Ncha ya drili ikakatika na kubaki humo ndani.

"Mti ulinionya mapema kuliko watu," anasema.

Mke aliporudi, bado ana harufu ya mafuta ya mtoto mchanga mabegani, Cheche alimfumbisha macho getini na kumwongoza hadi kwenye nguzo. Fumbua, akasema. Nimekurekebishia.

Hakupiga kelele. Wifi yake, dada wa Cheche, fundi cherehani anayeishi chumba cha nyuma ya ukuta, ndiye shahidi. Alimwona akichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake na kuiingiza kwenye tundu. Penseli ikapita, ikatokeza ng'ambo, ikaanguka chini. Mama Kigingi akakaa hapohapo chini ilipoanguka.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele," anasema wifi. "Nilimwambia, kaka yangu, tumbo moja tumetoka, lakini leo nakukana! Mwanamke amekulalisha ndani ya kazi yake miaka yote, meza unayolia amechonga yeye, kitanda amechonga yeye, halafu kinakuja kikaratasi cha siku moja unakiamini kuliko yeye? Karatasi inakupikia?"

Cheche alijitetea kwa maneno manne ambayo hatayasahau: "Karatasi ilikuwa na muhuri."

Hapo ndipo mke alipofungua kinywa. "Na mimi nina nini, mume wangu? Nina miaka thelathini na mmoja pamoja nawe."

Siku tatu hawakusemeshana. Ujumbe ulipitia juu ya ukuta. Wifi, mwambie kaka yako chai ipo mezani. Dada, mwambie wifi yako nimekunywa, ahsante. Wifi anasema katika maisha yake ameshona magauni ya harusi zaidi ya mia mbili, lakini hakuna kazi iliyomchosha kama kuwa simu ya watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya ndani, ya mke na mume, yaishie huko. Hapana. Cheche si mjinga wala si katili. Ni mtu wa kawaida aliyefanya tulichofundishwa sote kufanya, kuamini kilichogongwa muhuri kuliko kilichogongwa nyundo mbele ya macho yetu. Kama mume aliyetengeneza lile bati la vigingi kwa mikono yake hakumwamini mkewe, afisa aliyefika na penseli angemwamini kwa lipi?

Siku ya nne Mama Kigingi alivunja kimya mwenyewe. Alimtupia Cheche kipande cha msasa. "Kaa hapo," akamwambia. "Leo wewe ndiye mpiga msasa."

Tangu siku hiyo wamefanya kazi pamoja. Kiunzi kilishushwa kipande kwa kipande. Kila tundu lililonyooshwa limezibwa kwa kipande cha mti mgumu kilichopakwa gundi, likaachwa siku mbili, kisha likatobolewa upya pembeni. Tundu moja humla karibu nusu siku. Mikono yake inavimba usiku na asubuhi huiloweka kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kushika kekee. Tundu la kumi na tisa, lenye ncha ya drili ndani, hakulichimbua. Ameliacha na kutoboa lingine juu yake.

"Chuma chake kimebaki humo," anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Kikae. Kila nikipita nitakiona, na yeye kila akipita atakiona."

"Nitapitia mlango wa nyuma," anajibu Cheche.

"Nyumba haina mlango wa nyuma. Ningekuwa nimeweka, ungekuwa umeshautoboa."

Ijumaa, siku ya arobaini, afisa anarudi. Shati ni jingine lakini pasi ni ileile, na ubao uko mkononi. Uani kona moja ya kiunzi imelazwa juu ya magogo mawili: nguzo, boriti, ulimi ndani ya shimo, na kati yao mwanya mwembamba unaoonekana. Cheche amesimama pembeni na msasa mfukoni. Wifi amesimamisha cherehani na kuegemea ukuta kwa viwiko vyote viwili.

Afisa anaingiza penseli kwenye tundu. Inagota. Anashusha pumzi. "Mama, tulikubaliana nini?"

"Hatukukubaliana. Uliandika." Mama Kigingi ananyoosha mkono. "Nipe kitambulisho chako."

"Kitambulisho?"

"Hicho ulichovaa shingoni. Kiingize hapa kwenye mwanya. Usiogope, hakiumwi na mti."

Afisa anatazama huku na huku kama mtu anayetafuta wakubwa wake, kisha anakivua kwenye kamba na kuingiza kadi yake kwenye mwanya kati ya boriti na nguzo. Inaingia bila taabu, inacheza. Mama Kigingi anachukua pini ya chuma iliyochongoka, ya kujaribia, ambayo nayo ni kazi ya Cheche, anaichomeka kwenye tundu na kuinua nyundo ya mti.

Pigo la kwanza, boriti inasogea. Kila aliyepo anaiona ikisogea. Pigo la pili, mwanya unakuwa uzi. Pigo la tatu hakuna mwanya.

"Vuta kadi yako," anasema.

Afisa anavuta. Anavuta kwa mikono miwili. Anaweka mguu kwenye gogo na kuvuta tena. Uso wake ulio kwenye picha umetokeza nusu, kuanzia pua kwenda juu, nusu nyingine imeng'atwa. Wifi anaangua kicheko mpaka anajishika ukuta. "Ofisi imeshikwa! Leo ofisi imeshikwa!"

"Mama, tafadhali," anasema afisa. "Jumatatu siingii getini bila hiyo."

"Matundu hayalingani, mwanangu," anajibu Mama Kigingi. "Ndiyo maana."

Anapiga pini kwa upande wa pili, inatoka, kadi inaanguka. Afisa anaiokota na kuigeuzageuza. Halafu anafanya jambo ambalo mwandishi hana budi kumpa haki yake: anachuchumaa, anachungulia tundu kwa muda mrefu, anaomba nyundo, anajaribu mwenyewe. Anapoinuka anasema kwa sauti ya chini kwamba chuoni hawakufundishwa hivi. Chini ya vile vijisanduku vitatu anapata mstari ulioandikwa "mengineyo" na kuandika kwa mwandiko mzuri: vigingi vya mti, vinakaza kuliko bolti.

Kwa dakika moja uani kulikuwa na furaha. Kisha akageuza ukurasa. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

"Hapa chini," akasema, "inatakiwa sahihi ya fundi aliyejenga, na namba yake ya cheti."

Mama Kigingi hana namba. Mpiga msasa hapewi namba. Afisa, kwa nia njema kabisa, akamgeukia Cheche na kumwuliza kama yeye anayo. Anayo, ya uchomeleaji, ya miaka thelathini na minane iliyopita. Uso wa afisa ukang'aa.

"Basi imekwisha! Mzee asaini yeye. Fomu inataka namba ya fundi, haiulizi fundi wa nini."

Rudia kuisoma sentensi hiyo, msomaji. Haiulizi fundi wa nini. Mtu aliyeuharibu mti huo anaweza kutiwa kwenye kumbukumbu za serikali kuwa ndiye aliyeuchonga, kwa sababu ana namba ya kuunganisha mageti. Na aliyeuchonga, akaharibiwa kazi, akauponya, anaweza kusimama pembeni ameshika msasa, kama zamani, wageni wapite.

Mama Kigingi alikuwa anamtazama mumewe. Nyumba ilikuwa pale, mvua zilikuwa wiki chache mbele, na kalamu ilikuwa imenyooshwa. Sahihi moja tu na kitanda kisingehamishwa tena.

Cheche aliipokea kalamu. Aliitazama. Akaiweka juu ya ubao, taratibu.

"Kijana," akasema, "mimi kwenye nyumba hii nimefanya kazi mbili. Nimetoboa, na nimepiga msasa. Kama fomu ina mahali pa mharibifu, nitasaini hapo. Pa fundi ni pa mwenyewe."

Wifi, ambaye wiki tano nzima hakuwa na neno jema kwa kaka yake, aliushusha uso kwenye viwiko vyake. Mama Kigingi aligeuka na kuanza kukusanya maranda yaliyokuwa yameshakusanywa.

Afisa aliondoka akiwa ameongeza siku thelathini, ambazo ndizo upeo wa mamlaka yake. Ndani ya siku hizo fundi alete namba. X bado ipo kwenye nguzo ya mlango, na boriti zimelala chini ya turubai.

Jumatatu Mama Kigingi alikwenda chuo cha ufundi na kujiandikisha kwa jaribio la useremala. Atakuwa mkubwa kuliko watahiniwa wote, na kwa hesabu zake mkubwa kuliko wasimamizi. Amepewa karatasi ya maelekezo, ameibandika juu ya meza ya kazi kwa tone la gundi. Mtihani ni wa saa tatu. Anatakiwa kutengeneza sanduku la mbao laini. Viungo: misumari, ishirini na minne.

Misumari! Mwanamke anayeweza kusimamisha nyumba bila msumari atatambulika kuwa seremala siku atakapopigilia misumari ishirini na minne. Mwandishi alipouliza chuoni kama kuna jaribio la viungo vya kuchonga, alijibiwa kwamba lilifutwa kwa kukosa watahiniwa.

Hakasiriki? "Nimekasirika tangu nina miaka thelathini na miwili," anasema. "Hasira ninayo ya kutosha, sina haja ya kuongeza. Nitawapigia misumari yao yote, minyoofu, waihesabu. Wanipe namba yangu. Halafu nirudi hapa nisimamishe kiunzi, nisaini mwenyewe, niezeke kabla ya mvua. Baada ya hapo wasichana wawili wa mtaa huu wanaoniokotea vipande chini ya meza waje niwafundishe, na wa kwao mtihani uwe wa vigingi. Nitakwenda kuwasumbua chuoni mpaka waurudishe."

Jioni hiyo Cheche anarudi kutoka dukani na mfuko mdogo wa karatasi. Ni misumari ya kufanyia mazoezi. Anaimimina mezani mbele ya mkewe, naye anaipanga kwa kidole, mmoja mmoja, akiikagua kama imenyooka.

"Ishirini na mitano," anasema. "Walisema ishirini na minne."

"Huo mmoja ni wa nyumbani," anasema Cheche. "Wa kutundikia cheti."

Mama Kigingi anautazama msumari huo, anautazama uso wa mumewe, kisha anaurudisha ndani ya mfuko. Anaingiza mkono kwenye aproni na kutoa kigingi kimoja, chembamba, kilichopigwa msasa mpaka kinang'aa. Ameshakichonga.